Tovuti Iliyobeba Jina la Mume Wangu

9 Februari

Mdogo wangu,

Sitaanza kwa kukuambia kwamba mimi ni mzima wa afya, maana taya langu limefungwa kwa waya na uji naunywa kwa mrija. Lakini mkono unaandika, na jicho la pili limeanza kufunguka jana. Usinipigie simu. Ile simu yangu niliitumbukiza chooni siku niliyotoka, kwa sababu shemeji yako alikuwa akizisoma meseji zangu kabla sijazisoma mimi. Barua pepe vilevile, paswedi zote anazo yeye. Barua hii inaletwa na dereva wa gari la dawa anayepita mjini kwenu mara mbili tatu kwa wiki. Jibu lako mpe mkononi.

Nipo kwenye nyumba ya kuhifadhi wanawake, nyuma ya zahanati. Mtaa sikutajii hata wewe. Mganga mkuu wa hapa ndiye aliyenifundisha ukunga; ameniambia taya likipona nitaingia wodini kuzalisha kama zamani.

Utauliza ilikuwaje. Jumapili baada ya kula, alinikuta kwenye kompyuta najibu maswali ya wanawake kwenye tovuti yangu. Akasoma kwa sauti kichwa cha ule ukurasa, "Mume Anapokupiga: Fanya Haya Kabla Hajarudi." Akacheka. Akasema, "Kumbe unawafundisha wake za watu kukimbia, tena kwa jina la ukoo wangu?" Akanishika kisogoni akanibamiza uso kwenye kompyuta, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, taratibu kabisa, kama anavyopigapiga bodi za magari kule gereji. Nimezalisha miaka kumi na tisa, damu si kitu kigeni kwangu. Lakini sikujua kama damu yako mwenyewe ikiingia mdomoni huwa na joto namna ile. Alipokwenda kunawa mikono nikatoka kwa mlango wa jikoni, miguu mitupu.

Sasa ombi. Tovuti ile ina miaka minane. Mwanamke popote akiandika kwenye mtambo wa kutafutia "mume ananipiga nifanye nini", wa kwanza kabisa kutokea ni mimi, na chini ya ukurasa kuna namba ya kupiga. Lakini jina la tovuti ni lake, alilisajili yeye enzi zile akijisifu kwamba mkewe yuko mtandaoni. Wewe ndiye fundi wa tovuti kwenye ukoo wetu. Nihamishie kila kitu kwenye jina jipya lisilo lake. Namba iwe ya ofisi ya hapa, nimeiandika nyuma ya karatasi.

Dada yako


16 Februari

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, na nilipomaliza nikajikuta nimekaa chini sakafuni. Mke wangu alifikiri kuna msiba. Nikamwambia msiba haujafika, ila ulibisha hodi.

Kazi nimeifanya. Nilikuwa na nakala ya kila ukurasa, yote mia mbili na kumi, na sasa iko hewani kwa jina jipya na namba ya ofisi yenu. Ila usitegemee makubwa mapema. Mtambo wa kutafutia haujui kwamba umehama. Imani yote uliyoijenga miaka minane, viungo vyote ambavyo zahanati na vyuo viliweka kuwaelekeza watu kwako, vimeganda kwenye jina la zamani. Kwa mtambo, tovuti yako mpya ni mgeni aliyefika leo amevaa nguo za mtu mwingine. Nimeandika swali lile lile la "mume ananipiga". Jina la zamani ni la kwanza. Wewe uko wa sitini na moja. Hakuna mtu anayefika huko, dada, hata mimi nililazimika kunywa maji katikati.

Dawa yake ipo na ni moja. Unaingia kwenye jina la zamani, unauelekeza kila ukurasa kwenye ndugu yake mpya, halafu unautaarifu mtambo kwamba tumehama jumla. Imani inahama pamoja nawe. Lakini mlango wa jina la zamani anao shemeji. Bila yeye ninachoweza ni kuwaandikia wenye viungo, mmoja mmoja, wabadilishe. Nimeshaandika barua arobaini.

Cha kukutuliza moyo ni kwamba tovuti ya zamani ipo vilevile, haijaguswa. Anayeifikia anasoma maneno yako yale yale. Kwa hiyo hakuna aliyepotea.

Kula, hata kama ni kwa mrija.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Waya umetolewa. Ningetamani usingetolewa, maana nimepiga kelele mpaka mshono wa ndani umeachia.

Unamkumbuka mshonaji aliyenishonea gauni la harusi yako? Yule mcheshi, mwenye pini mdomoni hata akiwa anacheka. Jumatatu asubuhi ameletwa hapa kwenye machela ya mlango. Namaanisha mlango wenyewe, waliung'oa wakamlaza juu yake. Mumewe amemkata panga kichwani, begani, na mikono yote miwili, kwa sababu aliinyanyua kujikinga. Tulikuwa watatu juu yake. Nilishikilia mshipa wa bega kwa vidole vyangu kwa muda wa saa nzima. Nikilegeza kidogo damu inanirukia usoni.

Alinitambua. Akasema, "Wewe. Nilikupigia." Nikamwambia anyamaze, asipoteze nguvu. Akasema tena, "Nilikupigia kwa namba ya kwenye tovuti. Akapokea mwanaume. Akaniambia yeye ni msaidizi wako. Akaniuliza mume wangu ni nani, na nimejificha wapi ili atume gari. Nikamwambia kwa binamu yangu, karibu na kiwanda cha magodoro."

Gari halikuja. Alikuja mumewe, kabla saa mbili hazijapita.

Alifariki saa tano na robo mchana. Vidole vyangu vilikuwa bado ndani ya bega lake, nikawa sijui nivitoe lini.

Nilikwenda ofisini nikafungua tovuti ya zamani. Maneno ni yangu. Picha ni zangu. Namba ya chini si yetu tena. Nimeisoma mara moja tu nikaijua, nimeishi nayo miaka kumi na minne. Ni ya gereji.

Wewe uliniandikia kwamba haijaguswa. Ulitazama?

Dada yako


11 Machi

Dada,

Usishangae mwandiko, anayeandika ni mke wangu, mimi nasema. Nilianguka ngazini nikaumia mkono kidogo. Si kitu, utapona.

Sikutazama. Nilitazama maneno, sikutazama namba. Sina la kujitetea na sitajitetea.

Tumeripoti ile tovuti kwa kampuni inayoihifadhi. Wamejibu kwamba mwenye jina ana haki ya kuweka namba aitakayo, na malalamiko yatapitiwa kwa zamu. Tumeripoti polisi pia, wamesema namba ya simu si panga. Kwa hiyo tunapambana kwa njia ndefu. Vyuo kumi na viwili vimebadilisha viungo vyao, na redio moja imeitaja tovuti mpya kwenye kipindi cha afya. Nimeuandika upya ukurasa wa kupigwa ili usifanane neno kwa neno na ule wa zamani, maana mtambo ukikuta mapacha humchagua mkubwa. Tumetoka wa sitini na moja hadi wa ishirini na tatu.

Shemeji nilimwomba kwa heshima atuachie jina. Amekataa. Tusimzungumzie.

Mdogo wako


15 Machi

Wifi,

Hii ni yako, si ya mume wako.

"Nilianguka ngazini." Sentensi hiyo ni yangu mimi. Nimewaambia madaktari wanne, mama mzazi, na nyinyi wawili mezani kwenu siku ya ubatizo, nikiwa na miwani ya jua ndani ya nyumba. Na nyumba yenu haina ngazi. Ni ya chini.

Niambie alichofanywa.

Wifi yako


20 Machi

Wifi,

Amenikataza, nami nimemwambia akitaka kunikataza aandike mwenyewe. Hawezi, kwa hiyo naandika ninavyotaka.

Alipopata barua yako ya mshonaji hakula siku mbili. Siku ya tatu akavaa shati la kazini akaniambia anakwenda kuonana na mteja. Kumbe amekwenda gereji kwa mumeo. Alimkuta anakunywa chai na mafundi wake. Akamwamkia, akamwambia, "Shemeji, nimekuja kama mtoto wa nyumbani. Hilo jina huna kazi nalo. Mtu amekufa." Mumeo akamwambia amekuja vizuri, akae, aletewe kikombe. Simu ikalia mezani. Mumeo akaipokea mbele yake, akalainisha sauti, akasema, "Ndiyo, dada, uko sehemu salama, niambie uko wapi." Huku akimkonyeza mume wangu.

Mume wangu aliirukia ile simu. Wifi, unamjua, hajawahi kupigana hata shuleni. Mafundi wawili walimshika. Mumeo akauchukua mkono wake wa kulia, akauingiza kwenye jiriwa la kubania vyuma, akawa anakaza mpini nusu mzunguko, anasimama, anamuuliza, "Huu ndio mkono unaoandika mambo ya kompyuta?" Anakaza tena. Vidole vitatu vimesagika. Daktari amekata viwili, cha tatu anakiangalia.

Mumeo alimpa ujumbe wa kukuletea. Jina la tovuti atalitoa siku utakayorudi nyumbani kwa miguu yako, mbele ya watu, na kusema ulidanganya. Mume wangu aliapa hutausikia. Mimi sikuapa.

Polisi? Mafundi wote sita wamesema ni ajali ya kazini.

Nina hasira hata na wewe, nikwambie ukweli. Halafu nasoma maswali ya wanawake kwenye tovuti mpya, maana siku hizi mimi ndiye vidole vyake, na hasira inahama.

Wifi yako


23 Machi

Wapendwa wangu wawili,

Nimesoma, na nimekwisha kuamua. Narudi kwake Jumatatu ijayo.

Msinililie. Nimepiga hesabu za mkunga, ambapo mara nyingine unaokoa unachoweza kuokoa. Kila siku jina lile likiwa la kwanza kuna mwanamke anamwambia muuaji mahali alipojificha. Kipigo chake nakijua, najua kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Mshonaji hakukijua chake. Atanipiga Jumatatu, atanipiga Jumanne, lakini Jumatano jina litakuwa mkononi mwenu.

Mdogo wangu, naomba unisamehe mkono.

Dada


26 Machi

Dada

Naandika kwa kushoto, kwa hiyo maneno machache.

Usiende. Hatatoa jina. Mtu anayecheka simu ikilia hana sababu ya kutoa. Atakuwa na jina na wewe pia.

Leo tumefika wa kumi na mbili, ukurasa wa pili, juu juu. Nipe mwezi. Naomba mwezi mmoja tu.

Ukienda nitamfuata na huu mkono mmoja, nitamuua au ataniua, na tovuti itabaki haina fundi.

Mdogo wako


14 Aprili

Mdogo wangu, na wewe wifi,

Najua mmekaa wiki mbili mkingoja niwaeleze kwa nini sikwenda. Barua yako ya mkono wa kushoto ilinifikia Jumamosi ile ile nilipokuwa nafunga kifurushi. Niliisoma nikaiweka chini, nikaendelea kufunga. Nisikudanganye, ningekwenda.

Saa nne asubuhi simu ya ofisi ikalia. Alikuwa msichana ananong'ona kwa haraka. Akaniambia yuko bafuni, maji ameyafungulia makusudi. Mumewe amemchoma na pasi mgongoni kwa sababu ya kola ya shati. Nikamuuliza kama kawaida, namba yetu ameipata wapi. Akasema, "Nimetafuta kwenye simu yake, yangu aliivunja. Ya kwanza kutokea nimeiruka."

Nikamuuliza, "Umeiruka kwa nini?"

Akasema, "Namba yake ni ya gereji ya mume wangu. Nikashuka chini, nikashuka tena, nikafika ukurasa wa pili, nikakuona."

Ndipo nilipoelewa kwamba mumewe ndiye mume wangu, ameoa mwingine kabla taya langu halijapona. Wa kumi na mbili, mdogo wangu. Ungekuwa umeacha kazi ukiwa wa sitini na moja, yule binti asingenifikia.

Nikamwambia, "Hiyo simu unayotumia ni yake? Toka nayo. Usichukue nguo, toka nayo hiyo tu." Nikampa mahali pa kukutana na dereva wa gari la dawa, saa sita kasoro. Alifika kwetu na simu ameifunga kifuani kwa kanga, na ngozi ya mgongo imeganda kwenye blauzi. Nilimloweka maji ya chumvi dakika arobaini kabla haijaachia. Ana miaka ishirini na moja.

Yaliyofuata kwenye simu unayajua wewe kuliko mimi. Afande wa kike tuliyemwita alisikiliza simu tatu zilizopigwa mle ndani ya saa moja, wanawake watatu wakimuita mume wangu "msaidizi", na uso ukambadilika. Yeye ndiye aliyekusomea zile tarakimu sita zilizokuja kwenye simu ile ulipoomba paswedi mpya ya jina la zamani. Uliposema "nimeingia" nilisikia wifi akilia nyuma yako.

Ambacho hamkijui ni cha Jumapili.

Simu ile mume wangu aliifuatilia. Sikufikiria hilo, na nilipaswa kulifikiria, maana nami alinifanyia. Alifika saa tatu asubuhi, wanawake wakiwa wanaanika nguo. Mlinzi alimzuia getini, akampiga nyundo mkononi, mfupa ukatokeza nje. Akaingia uani akimwita yule binti. Hakuniita mimi, alinipita kama mtungi. Binti alijibana kwenye kona ya kufulia, akamshika nywele, akanyanyua nyundo.

Nilikuwa nimetoka wodini na stendi ya dripu, ile ya chuma yenye miguu ya magurudumu. Nikamtwanga nayo begani. Nyundo ikaanguka. Akageuka, nikaona amenitambua, akaanza kutabasamu. Akasema, "Mke wangu." Nikampiga nyingine gotini, likaenda upande usiokwenda goti. Akaanguka. Hapo ilipaswa kuisha. Afande alikuwa njiani, wanawake kumi na wawili wamemzunguka na mifagio na ndoo. Mimi nikaendelea. Mbavu nilizihesabu, kwa sababu nazijua moja moja. Alipoziba uso nikapiga mikono. Nilikuwa nasema jina la mshonaji kwa kila pigo, na nisingeacha. Ni yule binti aliyenikumbatia kwa nyuma, na mgongo wake ulivyo, akaniambia, "Mama, basi. Mama, inatosha." Sijawahi kuitwa mama.

Anaishi. Yuko hospitali chini ya ulinzi. Ninawaambia hivi kwa sababu kwenye maelezo ya polisi nimeandika kwamba nilimpiga mara mbili, na nyinyi nisingependa mnijue kwa maelezo ya polisi. Kesho nakwenda kuyarekebisha.

Sasa mdogo wangu, lifute lile jina. Lizime kabisa. Sitaki kuliona popote tena.

Dada yako


5 Julai

Dada yangu,

Nimechelewa kujibu makusudi, nilitaka nikuandikie nikiwa na habari kamili.

Kurasa mia mbili na kumi zote nimezielekeza, mmoja kwa mwenzake, hakuna uliotupwa mlangoni tu. Mtambo nimeutaarifu. Wiki mbili za kwanza tuliporomoka hadi wa thelathini, mke wangu akataka kunirudisha hospitali nikaangaliwe na kichwa. Ndivyo inavyokuwa, mtambo huhesabu upya kabla ya kuamini. Mei tulikuwa wa tisa. Juni wa nne. Jana asubuhi wa kwanza. Nimeandika swali lile mara sita kwa simu za majirani ili nihakikishe.

Kufuta jina, nimekataa. Nisikilize kabla hujakasirika. Nusu ya wanaokufikia bado wanapitia lile la zamani. Lipo kwenye vitabu vya kliniki, kwenye mabango ya vyuoni, limeandikwa kwa kalamu kwenye makaratasi ambayo wewe na mimi hatutayaona. Nikilizima, anayeliandika anakuta ukurasa mtupu. Na jina lililoachwa anaweza kuliokota mtu yeyote. Huyo mtu anaweza kuwa kama yeye.

Kwa hiyo litabaki hewani, tutalihuisha kila mwaka, na litaendelea kuwaleta kwako. Najua linakuchoma. Mkono wangu pia unaniuma kila ninapoliandika, hasa vidole ambavyo havipo.

Mdogo wako


21 Agosti

Mdogo wangu,

Nilikasirika, nikaichana barua yako, nikaibandika tena kwa plasta ya wodini.

Hukumu imetoka. Miaka kumi na saba, kwa mshonaji, kwa mkono wako, kwa mlinzi na kwa binti. Mafundi wawili wa gereji walibadilisha ushahidi wao. Mimi nimepewa onyo kwa yale mapigo ya ziada. Hakimu aliniuliza kama najutia. Nikamwambia bado sijui, akaandika hivyo hivyo.

Binti anasomea kupokea simu za ofisini. Ana sauti nzuri, hamharakishi mtu. Bado ananiita mama, nami nimeacha kugeuka nyuma kuangalia nani anaitwa.

Juzi mchana alikuja mwanamke na mtoto mgongoni, sikio limechanika. Alikuwa na kipande cha karatasi kutoka kliniki, kimekunjwa mpaka maandishi yamekatika mikunjoni. Lilikuwa lile jina la zamani. Akaniambia kwamba alilihifadhi miaka mitano ndani ya kava la mto, siku akishindwa alitumie. Alipoliandika likamleta kwenye jina asilolijua, akaogopa ni mtego, lakini alipoanza kusoma akayakumbuka maneno.

Akaniuliza, "Hapa ndipo penyewe?"

Nikamwambia, "Ndipo. Tulihama."

Nikampokea mtoto, nikamwonyesha kitanda.

Lihuishe.

Dada yako